Wa Tatu kutoka Kushoto

Juu ya mlango paliandikwa Studio ya Ardella Simms kwa rangi ya dhahabu, na kwa miaka thelathini na minane hakuna mtu mtaani aliyejisumbua kuisoma. Watu walisema "kwa Chai". Bibi harusi alipigwa picha kwa Chai, kijana aliyehitimu shule alipelekwa kwa Chai na joho lake mkononi, na mzee aliyetaka kuwaachia wanawe sura yake alivaa suti akajikongoja hadi kwa Chai. Mgeni akiuliza jina hilo limetoka wapi, alipata hadithi tatu kwa watu watatu, zote zimetiwa chumvi. Ardella mwenyewe alikuwa akisema tu, "Inua kidevu, usinitazame mimi, tazama pale." Lakini hadithi ya kweli ipo, nayo inaanzia kwenye ukuta wa kanisa.

Kanisa lilikuwa Mlima Nebo, la Wabaptisti, huko Macon, Georgia, siku zile ambazo Wazungu walikuwa na milango yao na sisi tulikuwa na yetu. Kati ya ofisi ya mchungaji na jiko kulikuwa na ujia mwembamba, na humo zilitundikwa picha za Wahudumu wa Mlango, moja kwa kila mwaka. Hao ni wale akina mama waliosimama mlangoni kila Jumapili kwa gauni jeupe, kofia nyeupe, viatu vyeupe na glavu nyeupe, mkono mmoja mgongoni, wakikuonyesha kiti chako kwa kidole bila kufungua mdomo. Ukichelewa walikutazama, na mtazamo huo ulitosha kukufanya uwahi mwezi mzima.

Kila ilipofika Siku ya Wahudumu alikuja bwana mmoja wa Kizungu mwenye studio mjini, akawapanga kwenye ngazi za kanisa, akabonyeza kamera yake, akaenda zake. Na kila mwaka picha ilikuja vilevile. Magauni yanang'aa, glavu zinahesabika, na juu ya kila kola kuna kipande cha giza kilichovaa kofia. Nyuso hazikuwapo. Mtu alijitambua kwa mahali aliposimama, au kwa namna alivyokunja kidole. Mwaka mmoja mchungaji alimuuliza yule bwana kwa adabu kama hawezi kufanya namna. "Filamu haidanganyi," akajibu, huku akifunga sanduku lake. Basi tukaendelea kuzitundika, kwa sababu picha ni picha, na hapakuwa na mwingine wa kuwapiga.

Mama yake Ardella alikuwa kwenye ukuta huo. Picha ya mwaka 1934, wa tatu kutoka kushoto. Coralee Simms alifariki mwaka uliofuata kwa homa ya mapafu, mtoto wake akiwa hajatimiza miaka mitano, na picha yake nyingine haikuwapo popote duniani. Kila Jumapili, watu wazima wakiwa bado wanasalimiana, yule mtoto alichomoka akaenda ujiani, akasimama kwa ncha za vidole, akatazama. Gauni, glavu, giza. Alijitahidi kukumbuka, na kilichomjia kilikuwa harufu ya wanga na joto la pasi, basi. Inauma kusema, lakini mtoto huyo alikuwa na mama asiye na uso, naye akamzoea hivyohivyo.

Aliyemlea ni Mama Mkubwa Zenobia, dada yake Coralee, mjane mrefu aliyekuwa mhudumu tangu mwaka 1925. Kwa urefu wake aliwekwa mwisho kabisa upande wa kulia, mwaka hadi mwaka. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Ardella alipomuuliza, "Mama alikuwa anafanana vipi?" jibu lilikuwa lilelile miaka yote.

"Alikuwa mzuri. Maliza mboga."

Mtoto akaacha kuuliza. Ila hakuacha kwenda ujiani.

Alipokua alipata kazi ya kupiga pasi kwa dobi. Pale kulikuwa na desturi kwamba nguo isiyofuatwa mwaka mzima inachukuliwa na aliyeipiga pasi, na ndivyo Ardella alivyojipatia koti la kijivu ambalo halikumtosha, na mfukoni mwake kamera ndogo ya kukunja. Koti aligawa. Kamera aliilaza chini ya mto wiki nzima kama mwizi, akingoja mwenyewe atokee. Hakutokea.

Hakuwa na wa kumfundisha. Alikuwa na kikaratasi kilichokuja na filamu, na kikaratasi kilisema mgeuzie mtu wako juani, simama hatua kadhaa, bonyeza. Alifanya hivyo kwa uaminifu wa mtu anayesoma Biblia. Majirani wakatoka wamefinya macho, paji la uso linang'aa na kilichobaki ni kiza. Alizisafisha picha hizo Jumamosi mchana ndani ya stoo ya chakula, mlango umezibwa kwa blanketi, katikati ya chupa za mapichi, na alipotoka na ya kwanza mkononi, Mama Mkubwa aliishika kwa mbali.

"Hii ni mimi au ni moshi?"

"Ni wewe, Mama Mkubwa."

"Hata. Mimi namjua Zenobia, nimekaa naye muda mrefu. Huyu simfahamu."

Ardella alicheka, kisha akaingia stoo akalia kidogo. Ilikuwa ni ileile picha ya ujiani, na safari hii aliipiga yeye.

Kilichomfungua macho ni mashuka. Jumatatu moja Mama Mkubwa alikuwa anaanika uani, amebana vibanio mdomoni, mashuka mawili mbele yake na moja nyuma, na Ardella akiwa ameketi kwenye ngazi za jikoni akaona jambo. Uso wa Mama Mkubwa ulikuwa umejaa mwanga. Si mwanga wa jua, maana jua lilikuwa nyuma ya nyumba. Ni mwanga laini uliotoka kwenye mashuka yenyewe, ukaingia chini ya macho, kwenye mashavu, kwenye ule mstari wa kicheko ambao mwenyewe alikana kuwa nao. Ngozi nyeusi ilikuwa na rangi kumi ndani yake. Ardella alikimbia ndani kuchukua kamera.

"Usiniguse, nina kazi," Mama Mkubwa akasema, vibanio mdomoni.

"Sikugusi. Anika tu."

Picha hiyo ilipotoka, Mama Mkubwa aliitazama muda mrefu, akasema ana kipara cha mbele kinachoanza, akaificha ndani ya Biblia yake. Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa tuzo.

Habari zikatembea. Jumamosi mchana watu wakawa wanakuja uani kwa Zenobia kupigwa picha katikati ya mashuka. Mmoja alileta keki, mwingine mayai, mwingine hakuleta kitu ila alikaa akasimulia umbea wa mtaa mzima hadi chakula kikaiva. Ardella alijifunza kwa kuharibu. Alijua sasa kwamba shuka likisogezwa hatua moja, kidevu kinapotea; kwamba mtu anayeogopa kamera apewe maharage ya kumenya, atasahau. Hata hivyo alikuwa mpiga pasi mwenye mchezo wake wa Jumamosi, na kila mtu alimwita hivyo, pamoja na yeye mwenyewe.

Hayo yakaendelea miaka mitano, hadi magoti ya Mama Mkubwa yalipogoma.

"Siku ya Wahudumu ya mwaka huu ndiyo ya mwisho," alisema mezani, kana kwamba anasema chumvi imeisha. "Nitakaa benchi kama watu wengine."

Ardella hakula tena. Alikuwa anahesabu. Picha thelathini na moja ukutani, Mama Mkubwa yuko kwenye zote, na hakuna hata moja yenye uso wake. Ikipigwa ya thelathini na mbili kama zilizotangulia, mwanamke aliyemlea naye ataondoka ukutani akiwa gauni. Na huko mbele kuna mtoto mwingine atakayesimama kwa ncha za vidole.

Kesho yake alikwenda kwa Dada Eulalie Blalock, mwenyekiti wa Wahudumu, mwanamke mfupi, mnene, aliyenyooka, ambaye weupe wa magauni ulikuwa nusu ya dini yake. Walisema Dada Blalock aliweza kuona doa kabla halijaingia. Alikuwa barazani kwake na jagi la chai baridi.

"Dada Blalock, nataka kupiga picha ya mwaka huu."

"Picha ipi?"

"Ya Wahudumu."

Dada Blalock alikunywa funda moja, akaweka glasi. "Mwanangu Ardella, wewe ni mpiga pasi mzuri sana."

"Ndiyo, mama."

"Mzuri sana. Miaka sita umefua magauni yetu kwa ajili ya Siku yetu bila kuombwa, na Mungu anaona. Sasa yule bwana ana studio. Ana taa. Wewe una nini?"

"Mashuka."

"Haya. Mashuka."

"Dada Blalock, ukiniambia ukutani pale wewe ni yupi mwaka jana, nitarudi nyumbani nikapige pasi."

Dada Blalock alijua ni wa katikati kwa sababu mwenyekiti husimama katikati, na alijua pia kwamba hilo silo aliloulizwa.

"Mara moja," akasema mwisho. "Ikitoka vibaya, mwaka ujao yule bwana anarudi, na wewe usinifungulie tena mdomo huo kuhusu picha maisha yangu yote. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Mwanamke amepewa alichotaka, sasa apige. Kumbe shida ndiyo ilikuwa inaanza. Alimvisha Mama Mkubwa gauni lake la uhudumu, akamsimamisha katikati ya mashuka, akapiga. Uso ukatoka mweusi. Akafungua zaidi tundu la kamera ili uso upate mwanga. Uso ukaja vizuri, na gauni likawaka, likameza shingo na nusu ya kidevu. Ukimpata huyu unamkosa yule. Na huyo ni mtu mmoja. Ngazi za kanisa zingebeba wanawake kumi na wanane, weupe mtupu kutoka kofia hadi viatu. Jumamosi tatu alitoka stoo na karatasi mbovu. Usiku hakulala, mchana aliunguza foronya ya watu kwa pasi.

Jumamosi ya nne Mama Mkubwa alikuwa kwenye ngazi za jikoni anamenya maharage, ameambiwa akae tu. Alikuwa amevaa aproni yake ya kazi, ile ambayo majira ya joto yaliyopita ilimwagikiwa jagi zima la chai na haikupata kurudi sawasawa. Picha ilipotoka Ardella aliitazama, akaiweka, akaichukua tena. Uso uko. Mikono iko. Na ile aproni iliyofubaa, ambayo kila mtu aliijua si nyeupe, kwenye picha ilikuwa nyeupe kabisa, hadi mikunjo yake unaiona.

Wiki nzima alichovya foronya kwenye chai. Chai nzito, chai ya kati, chai hafifu ambayo mgonjwa angeikataa. Hafifu ndiyo iliyofaa. Kwa jicho ilikuwa rangi ya maziwa yaliyoguswa na moshi. Kwa filamu ilikuwa nyeupe.

Hapa ndipo alipokosea, na simtetei. Angeweza kwenda kwa Dada Blalock akamweleza. Hakuthubutu. Alijua jibu: magauni yale yaliombewa na kuwekwa wakfu, na hakuna mtu angeyatia kwenye sufuria ya chai na kubaki mshirika wa Mlima Nebo. Alijiambia picha ni Jumamosi, ibada ni Jumapili; usiku mmoja na dawa ya kung'arisha na buluu ya kufulia, na hakuna atakayejua. Kwa hiyo magauni yalipoletwa Alhamisi, yote kumi na manane yamekunjwa kwa imani, aliyafua kama kila mwaka, kisha akayachovya moja moja kwenye beseni la chai hafifu. Na kofia zote. Akayapiga pasi yakasimama kama bati. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumamosi akina mama walivaa kwenye chumba cha chini cha kanisa, chenye balbu moja ya njano, na kila mtu akasifu pasi. Ardella alikuwa nje anafunga mashuka kwenye nguzo na miti, anaomba kimoyomoyo. Walipotoka na kujipanga kivulini kwenye ngazi, moyo wake ulitulia. Walionekana weupe. Kisha Dada Blalock akatoa pochi, akagawa glavu.

Glavu. Glavu hazikuletwa kufuliwa. Kila mwaka Dada Blalock alinunua mpya, akazitunza kwake, akazigawa ngazini. Ardella alilijua hilo, alikuwa amelijua tangu utotoni, na halikumpitia akilini hata mara moja.

Kumi na wanane walivaa, wakaweka mkono mmoja mgongoni na mwingine kifuani, kama wanavyosimama siku zote. Na pale kifuani, kila glavu nyeupe kama maziwa ikalala juu ya gauni la rangi ya meno ya mzee.

Za mwizi arobaini. Dada Blalock alitazama kifua chake, akatazama cha jirani yake, akashuka ngazi taratibu.

"Ardella, mwanangu. Hebu njoo hapa." Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililotisha. "Nguo hizi umezifua kwa maji au kwa supu?"

"Kwa maji, mama. Kisha..."

"Kisha?"

"Chai."

"Chai."

"Kidogo tu. Itatoka, Dada Blalock, nitaitoa leo leo. Kwenye picha zitakuwa nyeupe, naapa. Ni kwa sababu gauni likizidi weupe, uso unapotea."

"Umechukua magauni ya nyumba ya Bwana," Dada Blalock akasema, "ukayapikia chai. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi mpumbavu nilidhani ni methali tu."

Mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Wengine hawakucheka. Mmoja alisema marehemu Coralee angeona haya, na neno hilo likamchoma Ardella mahali ambapo pasi haijawahi kufika. Dada Blalock akatangaza kwamba hakuna picha, kwamba wabadilishe wakanyamaze, na kwamba Jumatatu yeye mwenyewe atampigia simu bwana wa mjini. Wanawake wakaanza kushuka.

Mama Mkubwa Zenobia hakushuka. Alikuwa juu kabisa, mwisho wa kulia, mahali pake.

"Eulalie," akasema. Hakuna mtu aliyemwita mwenyekiti kwa jina moja mbele ya watu. "Miaka thelathini na moja nimesimama hapa kwa gauni jeupe. Hivi unajua ninavyojitafuta kule ukutani? Kwa kidole. Hiki cha shahada cha kushoto hakinyooki, kinaonekana hata ndani ya glavu. Nikikiona nasema, a, nilikuwepo." Alipumua. "Mtoto amekosa, nitamshughulikia mwenyewe, na mnajua nikisema hivyo. Lakini mimi magoti yangu yamekwisha, na sirudi hapa mwaka ujao. Nipigwe na chai yangu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa. Akaacha mahali pake pa miaka yote, akashuka ngazi moja kwa taabu, akavuka mstari mzima, akasimama upande wa kushoto.

"Hapo si pako, Zenobia," Dada Blalock akasema.

"Najua si pangu. Mwanzo wa ngazi kuna kishikio. Magoti."

Mmoja akarudi. Halafu wawili. Mwisho walirudi wote, wananung'unika, isipokuwa Dada Blalock, ambaye alikwenda nyumbani kwake hatua mia moja, akavaa gauni lake la akiba, jeupe la kuumiza macho, akarudi akasimama katikati na midomo imefungwa. Ardella alipiga mara sita. Alibana viwiko tumboni ili kamera isicheze, kama alivyojifunza mwenyewe.

Usiku ule alirudisha magauni yote yakawa meupe, vidole vikachubuka kwa dawa. Ilikuwa haki yake.

Jumapili ya wiki iliyofuata alileta picha kanisani imefungwa ndani ya foronya. Ujia ukajaa hadi jikoni. Alipoifunua, watu wakasogeza vichwa, halafu mtu akasema kwa sauti ndogo, "Huyo ni mimi," kama anayebisha hodi kwake mwenyewe. Nyuso kumi na saba. Mwenye kidoti anacho, mwenye pengo analo, aliyelia asubuhi ile kwa sababu zake anaonekana alilia. Magauni meupe, mikunjo yote inaonekana. Na katikati, kati ya wanawake wanane huku na tisa huku, ukuta mweupe unaowaka, na juu yake kipande cha giza kilichovaa kofia. Dada Blalock alitazama, akageuka, akatoka nje, na kwa heshima watu wakampisha bila kumtazama.

"Nitundike wapi?" Ardella akauliza. "Mwisho wa safu pamejaa."

"Hapa," Mama Mkubwa akasema.

Alikuwa ameweka kidole ukutani, chini ya picha ya mwaka 1934. Ardella akagonga msumari, akatundika, akainyoosha. Watu wakaanza kuondoka kwenda kula. Mama Mkubwa akabaki, anajitafuta. Macho yake yalikwenda mwisho wa kulia kwa mazoea, yakashuka kwenye glavu, yakapita kidole kwa kidole.

"Sijioni," akasema.

"Ulihama, Mama Mkubwa. Uko huku. Wa tatu kutoka..."

Ardella hakumaliza. Alikuwa ameitazama picha hiyo wiki nzima, na alichokuwa anaangalia ni weupe, vivuli, kola, kama fundi anavyoangalia mshono asimwone anayevaa. Sasa akatazama juu. 1934, wa tatu kutoka kushoto, gauni, glavu, giza. Akatazama chini. Gauni lilelile, glavu zilezile, mkono mmoja mgongoni, na uso.

"Walikuwa wanatuchanganya," Mama Mkubwa akasema, bila kumtazama. "Hadi mchungaji alikuwa akimwita Coralee kwa jina langu. Ongeza miaka kwenye uso wake, au punguza kwenye wangu, vyovyote. Pua ni hiyo. Mdomo ni huo, ila yeye aliufungua zaidi, alikuwa mtu wa kucheka."

"Nilikuuliza. Kila siku nilikuuliza."

"Uliuliza." Mama Mkubwa alivua glavu moja, akafuta nayo kioo cha picha ambacho hakikuwa na vumbi. "Ningekwambia nini, mtoto wangu? Ningesema nitazame mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa nakuchapa, nakukemea umalize mboga. Ungemwonaje mama yako kwenye uso huo? Ungeniona mimi tu. Na mimi kila asubuhi nikichana nywele namkuta yeye kwenye kioo. Sikuweza kulisema. Ndiyo hivyo. Sikuweza."

Ardella alilia pale ujiani hadi mtu wa jikoni akaja na kitambaa cha sahani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na ndiyo kwanza anamwona mama yake.

Jumanne saa kumi alasiri Dada Blalock aliingia uani kwa Zenobia bila kubisha, amebeba mfuko. Akatoa gauni lake jeupe, akaliweka mezani. Akatoa pakiti ya chai, akaiweka juu yake.

"Nimekuja na majani yangu," akasema. "Usizidishe."

Huyo ndiye mteja wa kwanza wa studio, na ndiye aliyetangaza jina la Chai mji mzima, kwa hasira kwanza na baadaye kwa majivuno. Mwaka huohuo makanisa mengine matatu yalituma magauni yao. Mwaka uliofuata Ardella aliacha pasi, akachukua kibanda cha fundi viatu aliyestaafu, akapaka kuta rangi ya shuka.

Wa mlangoni alikuwa Mama Mkubwa. Aliyesema atakaa benchi alikaa wiki mbili, akachoka. Studio ilipofunguliwa akaletewa kiti kirefu, akakaa pale kwa gauni na glavu zake, na ukiingia kwa Chai alikuonyesha mahali pa kukaa kwa kidole, kile kisichonyooka. Ukichelewa alikutazama. Alikaa hapo miaka kumi na minne.

Ukutani, mkabala na mlango, Ardella alitundika uso mmoja aliouchukua kwenye picha ile ya ngazini, akaukuza. Wateja waliokuwa wanangoja walikuwa wakiutazama, na mara kwa mara mgeni aliuliza ni nani.

"Mama yangu," Ardella alikuwa akijibu, huku anasogeza shuka.

Mgeni alitazama picha, akamgeukia bibi wa mlangoni aliyekuwa na uso uleule, akangoja. Na Mama Mkubwa Zenobia, ambaye hakuwahi kuacha kosa la mtu lipite, aliinua kidole akamwonyesha kiti.